Nyumba ya Mkopo na Hisa za Ahadi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi, 2021–2024

Kisa kinachochambuliwa hapa kinawahusu mume na mke wa Nairobi, mume akiwa mhandisi wa programu za kompyuta na mke akiwa mwalimu wa shule ya upili, ambao kati ya Juni 2021 na Julai 2024 walifanya mambo mawili yaliyosifiwa na karibu kila mtu aliyewazunguka. Mume aliacha kazi ya kudumu katika benki akaingia kampuni changa ya teknolojia iliyomwahidi hisa, na miezi michache baadaye wakanunua nyumba ya ghorofani kwa mkopo. Nimekijenga kisa hiki kutokana na hali nyingi zinazofanana, badala ya kumwanika mtu mmoja. Lakini mwenendo wa riba, kodi, sheria na matukio ya uchumi yanayotajwa ni ya kweli, na hesabu zimewekwa wazi ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe.

Wengi wanaosimuliwa mambo haya husema kwamba familia hii ilikosa bahati. Mimi naona vinginevyo. Nyumba na hisa zilionekana kuwa njia mbili tofauti za kuelekea utajiri, na familia ilijifariji kwamba moja ikikwama nyingine itawavusha. Kwa kweli zote mbili zilitegemea jambo moja, yaani fedha kupatikana kwa bei nafuu, na zote mbili zililipiwa kutoka mshahara uleule. Fedha zilipopanda bei, riba ya nyumba ilipanda na mwajiri akaishiwa, ndani ya msimu mmoja. Uwezekano huo ulikuwamo katika mikataba yote miwili tangu siku ya kwanza, na ungeweza kusomwa.

Walichokuwa nacho, na walichoambiwa

Katika benki mume alikuwa akipokea Sh260,000 kwa mwezi baada ya makato. Kampuni changa, iliyokuwa ikiunganisha wauzaji wa jumla na maduka ya mitaani, ilimpa Sh210,000 ikaongeza haki ya kununua asilimia 0.2 ya hisa zake kwa bei iliyowekwa mapema, ambayo kwa jumla ilikuwa dola 12,000. Haki hiyo ingekomaa hatua kwa hatua kwa miaka 4, na kama angeondoka kabla ya kutimiza mwaka mmoja asingepata chochote. Wawekezaji walikuwa wametoka kuikadiria kampuni kuwa na thamani ya dola milioni 40. Kwa hiyo asilimia 0.2 ilionekana kuwa dola 80,000, ambazo kwa kiwango cha wakati huo cha takriban Sh108 kwa dola zilikuwa zaidi ya Sh8.6 milioni. Ni vigumu kumlaumu mtu anayeonyeshwa tarakimu kama hiyo, huku akijua ni miaka mingapi ingemchukua kuweka akiba ya kiasi hicho, kwa kutia saini.

Mke alikuwa akipokea Sh60,000, na alikuwa na akiba katika Sacco ya walimu. Walikuwa wakipanga nyumba ya vyumba 3 kwa Sh60,000 kwa mwezi, nayo nyumba ya aina hiyohiyo katika jengo hilohilo ilikuwa ikiuzwa kwa Sh12 milioni. Baba mzazi wa mume ndiye aliyelisukuma suala la kununua. Alimwambia, “Mwanangu, kodi unayompa mwenye nyumba ndiyo inayomjengea nyumba ya pili. Wewe utabaki na nini?” Swali hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa na ushahidi wake. Mzee alinunua kiwanja nje ya jiji, upande wa Juja, zamani kabla barabara ya Thika haijapanuliwa. Barabara ile ilipozinduliwa mwaka 2012 thamani ya ardhi ya pembezoni mwake ilikuwa imepanda kiasi cha kumfanya aonekane mwenye hekima kuliko vijana wote wa ukoo.

Ushahidi wa mzee ulikuwa wa kweli, ila haukuwa ushahidi wa jambo ambalo mwanawe alikuwa akilifanya. Mzee alinunua ardhi tupu kwa fedha taslimu na mkopo mdogo wa Sacco, mahali ambapo serikali ilikuja kuongeza thamani kwa kujenga barabara. Mwanawe alikuwa akinunua sehemu ya jengo, kwa mkopo mkubwa wa benki wenye riba inayobadilika, katika mtaa ambao barabara, maji na umeme vilikuwa vimekwisha kulipiwa ndani ya bei. Kinachopanda thamani kwa miaka mingi ni udongo. Saruji, lifti na mabomba huchakaa. Mwenye nyumba ya ghorofani ana kipande chembamba cha udongo kilichogawanywa kwa makumi ya familia, na juu yake ana jengo linalozeeka. Isitoshe, katika mitaa kama Kilimani na Kileleshwa kila kiwanja chenye nyumba moja ya zamani kinaweza kugeuka kuwa mnara wa nyumba nyingi mpya, zenye bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi, zinazoshindania wapangaji na wanunuzi walewale.

Inafaa pia kukumbuka jinsi njia hii ilivyo nyembamba nchini Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, lakini mikopo ya nyumba katika mabenki yote ni takriban 30,000 tu. Idadi kubwa ya Wakenya wenye nyumba walijenga kidogo kidogo, kwenye ardhi ya familia au ploti iliyonunuliwa kwa awamu, wakaongeza chumba kila walipopata. Mafanikio yao hutajwa kila siku kama hoja ya kuchukua mkopo wa benki, ilhali wao wenyewe waliuepuka.

Hesabu ya nyumba

Ununuzi ulikamilika Januari 2022. Malipo ya awali yalikuwa asilimia 20, yaani Sh2.4 milioni, na benki ikatoa Sh9.6 milioni zilizobaki kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 inayobadilika. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, ulikuwa Sh480,000. Wakili, mkadiriaji wa thamani na ada za benki vikachukua Sh320,000 nyingine. Ili kupata funguo, familia ililazimika kutoa Sh3.2 milioni. Akiba yao ilikuwa Sh2 milioni. Kiasi kilichopungua, Sh1.2 milioni, mke alikikopa katika Sacco kwa riba ya asilimia 12 kwa miezi 48, walimu wenzake wakimdhamini.

Kwa masharti hayo benki ilidai takriban Sh105,700 kila mwezi, Sacco ikakata Sh31,600, na ada ya huduma ya jengo ikawa Sh8,000. Jumla ni Sh145,300 kwa familia yenye mapato ya Sh270,000, ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa ikilala katika vyumba vya ukubwa uleule kwa Sh60,000.

Hapa ndipo hoja ya “kodi ni fedha zinazopotea” inapostahili kupimwa kwa makini, kwa sababu ndiyo hoja iliyowashawishi. Kwa ajili ya hesabu nimechukulia kwamba riba ilibaki asilimia 12 kwa miaka 2 mizima, jambo linaloipendelea nyumba kuliko hali halisi ilivyokuwa. Katika miezi hiyo 24 familia iliilipa benki takriban Sh2,537,000. Deni lilishuka kutoka Sh9.6 milioni hadi Sh9,338,000. Maana yake ni kwamba Sh262,000 tu ndizo zilizokwenda kununua nyumba, nazo Sh2,275,000 zilikwenda kuwa riba. Kodi ambayo wangelipa kwa muda huo ni Sh1,440,000. Kwa hiyo fedha walizompa mwenye fedha zilizidi zile ambazo wangempa mwenye nyumba, kabla hata ya kugusa ada ya huduma na riba ya Sacco. Mpangaji hukodi nyumba, naye mkopaji hukodi fedha, na katika Nairobi ya miaka hiyo kukodi fedha kulikuwa ghali zaidi: kodi ya mwaka mzima ilikuwa sawa na asilimia 6 ya bei ya nyumba, na riba ilikuwa mara mbili ya hiyo. Mtu yeyote anayefikiria kununua angeanza na mgawanyo huo mmoja, kodi ya mwaka kugawanywa kwa bei, kabla ya kuzungumza na wakala.

Serikali inarudisha kidogo. Sheria iliruhusu riba ya mkopo wa nyumba ya kuishi, hadi Sh300,000 kwa mwaka, kutolewa katika mapato kabla ya kukatwa kodi, na kwa mshahara wa mume hilo lilimwokolea takriban Sh90,000 kila mwaka. Nimeliingiza katika hesabu ya mwisho.

Wapo wanaosema kwamba mkopo wa nyumba, hata ukiwa ghali, humlazimisha mtu kuweka akiba ambayo vinginevyo angeila. Hoja hii ina uzito, kwa maana watu wengi wenye kipato kizuri hawana akiba, na nidhamu ya kulazimishwa ni bora kuliko nia njema. Lakini akiba iliyolazimishwa hapa ilikuwa zile Sh262,000 kwa miaka 2, chini ya Sh11,000 kwa mwezi. Makato ya Sacco, yanayotoka kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, yangeweza kulazimisha mara 5 ya kiasi hicho bila kumfunga mtu kwa miaka 20.

Hesabu ya hisa

Suala la hisa ni tata zaidi, na nadhani ndilo linaloeleweka vibaya zaidi miongoni mwa vijana wetu wa teknolojia. Thamani ya dola milioni 40 iliyotajwa katika barua ya ajira haikuwa bei ambayo mtu yeyote alikuwa tayari kuinunulia kampuni nzima. Ilitokana na wawekezaji kununua hisa chache za aina ya pekee, zenye haki ambazo hisa za mfanyakazi hazina, kisha bei hiyo ikazidishwa kwa hisa zote kana kwamba zinalingana. Haki kubwa kuliko zote ni ya kutangulia kulipwa: kampuni ikiuzwa au ikifungwa, wawekezaji huchukua kwanza fedha zote walizoweka, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa wengine.

Tuiangalie kampuni hii. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 wawekezaji walikuwa wameweka jumla ya dola milioni 25 na walimiliki asilimia 55. Kwa kuwa hisa mpya zilitolewa njiani, sehemu ya mhandisi ilikuwa imepungua kutoka asilimia 0.2 hadi 0.15, ingawa idadi ya hisa zake haikubadilika. Tuseme kampuni ingepata mnunuzi wa dola milioni 30, habari ambayo magazeti yangeipamba kama ushindi. Wawekezaji wangechukua milioni 25. Zingebaki milioni 5 kwa wenye hisa za kawaida, ambao kwa pamoja wana asilimia 45. Asilimia 0.15 ndani ya 45 ni sehemu moja kati ya 300, kwa hiyo hisa zake zote zingekuwa na thamani ya takriban dola 16,700. Lakini haki yake ilikuwa imekomaa theluthi mbili tu kufikia siku aliyoondoka, sawa na dola 11,100, na ili kuzipata angepaswa kulipa theluthi mbili ya bei ya kununulia, yaani dola 8,000. Faida ni dola 3,100, takriban Sh400,000 kwa kiwango cha katikati ya mwaka 2024.

Kwa upande wa pili wa mizani, mshahara wake ulipungua kwa Sh50,000 kila mwezi, na alikaa miezi 32. Hizo ni Sh1.6 milioni, bila kuhesabu mchango wa pensheni ambao benki ilikuwa ikimtolea. Yaani hata kama kampuni ingeuzwa kwa dola milioni 30, angekuwa amenunua Sh400,000 kwa Sh1.6 milioni.

Haya hayatokei katika kampuni za Afrika pekee. Good Technology, kampuni ya Sunnyvale, California, iliwahi kukadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2014 iliwasilisha nyaraka za kuuza hisa zake kwa umma, ikaahirisha, na mwaka 2015 ikauzwa kwa BlackBerry kwa dola milioni 425. Wawekezaji walipata takriban dola 3 kwa kila hisa. Wafanyakazi, ambao hisa zao za kawaida ziliwahi kukadiriwa kuwa na thamani ya dola 4.32 kila moja, walilipwa senti 44. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kulipa kodi kwa kufuata ile thamani ya juu, kwa hiyo walipoteza hata fedha ambazo hawakuwahi kuzipata. Hapa ndipo napenda msomaji akae kidogo: kampuni hiyo haikufilisika, iliuzwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, na bado walioijenga kwa mikono yao waliondoka na makombo. Kufanikiwa kwa kampuni na kufanikiwa kwa mfanyakazi ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha ni kurasa za mkataba ambazo mfanyakazi mara nyingi haonyeshwi.

Naheshimu sana kazi katika kampuni changa. Mhandisi wa kisa hiki alijifunza katika miaka 2 na ushei mambo ambayo benki isingemfundisha kwa miaka 10, na ujuzi huo ndio uliomsaidia kupata kazi baadaye. Ninachokipinga ni kuhesabu hisa za ahadi kama mali, na zaidi kuzihesabu wakati wa kuamua ukubwa wa mkopo. Ndivyo walivyofanya. Mume alikiri kwamba walipochagua nyumba ya Sh12 milioni badala ya ile ya Sh7 milioni waliyoipenda kwanza, waliambizana kwamba hisa zitakuja kufuta deni.

Vilivyoanguka pamoja

Machi 2022, miezi 2 baada ya familia kupokea funguo, benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba iliyokuwa karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeifikisha kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mwekezaji aliyekuwa akitafuta faida Nairobi kwa sababu fedha zake hazikuzaa kitu kwao sasa aliweza kuzikopesha serikali ya Marekani akapata faida bila wasiwasi. Fedha zinazoingia katika kampuni changa za Afrika zilishuka sana mwaka 2023. Mwaka huohuo Sendy, kampuni ya Nairobi ya usafirishaji wa mizigo, ilisimamisha shughuli. Mei 2024 Copia Global, iliyokuwa ikiwafikishia bidhaa watu wa vijijini na iliyokuwa imewaajiri zaidi ya watu 1,000, iliwekwa chini ya wasimamizi. Kampuni ya mhandisi wetu ilipunguza wafanyakazi mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2023, na Februari 2024 ikafunga. Programu na jina lake viliuzwa kwa dola milioni 2, zote zikaenda kwa wawekezaji.

Riba hiyohiyo ya Marekani iliifikia nyumba kwa njia nyingine. Shilingi, iliyokuwa karibu 113 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2022, ilishuka hadi karibu 160 Januari 2024, huku nchi ikikabiliwa na deni la nje lililopaswa kulipwa Juni mwaka huo. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022 hadi asilimia 12.5 Desemba 2023 na asilimia 13 Februari 2024. Benki iliyowakopesha ikaandika barua: riba ya mkopo sasa ni asilimia 17. Malipo ya mwezi yalipanda kutoka Sh105,700 hadi takriban Sh139,000, yakiwa na nyongeza ya zaidi ya Sh33,000, na barua hiyo ilifika wiki chache tu kabla ya barua ya kuachishwa kazi.

Kufika kwa barua hizo mbili pamoja ndiyo kiini cha kisa hiki. Mtu akiulizwa mwaka 2021 ni mambo gani yanaweza kuifungisha kampuni changa inayotegemea wawekezaji wa nje, jibu la kwanza lingekuwa kukauka kwa fedha. Akiulizwa ni nini kinachoweza kupandisha riba ya mkopo wa nyumba nchini Kenya, jibu la kwanza lingekuwa lilelile. Hakuna aliyeyauliza maswali hayo mawili kwa pamoja. Mfanyakazi wa serikali mwenye mkopo wa riba inayobadilika huumia riba ikipanda, lakini mshahara wake unabaki. Mhandisi wa kampuni changa anayepanga nyumba hupoteza kazi, lakini anaweza kuhamia nyumba ya Sh25,000 mwezi unaofuata. Familia hii ilikuwa imejifunga pande zote mbili.

Uamuzi wa mwaka 2024

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja na kulipa angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Kwa miaka 2 iliyotimia hiyo ni siku 30. Pamoja na likizo ambazo hakuzitumia, alipata takriban Sh500,000. Gharama za nyumba, yaani benki, Sacco na ada ya huduma, zilikuwa Sh178,600 kwa mwezi. Waliuza gari, wakakopa kwa ndugu, na mume akafanya kazi ndogo ndogo za mikataba.

Njia ya kwanza iliyokuwapo ilikuwa kung'ang'ania. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaipa familia muda: mkopaji akishindwa kulipa, benki inatoa notisi ya siku 90, kisha notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40, na dalali naye ana siku zake za notisi. Muda huo ni wa maana kwa mtu anayesubiri fedha fulani. Kwa asiye na anachokisubiri, ni miezi ya riba na faini ikiongezeka juu ya deni, na mwishowe bei ya mnada.

Njia ya pili ilikuwa kuipangisha nyumba na wao wenyewe kuhamia mahali pa bei nafuu. Kodi ya Sh60,000, ukitoa ada ya huduma na kodi ya mapato ya upangishaji ya asilimia 7.5, inabaki Sh47,500, nayo benki inadai Sh139,000. Kila mwezi wangepaswa kuongeza zaidi ya Sh90,000 ili kuendelea kumiliki kitu ambacho hawaishi ndani yake. Ndugu wengi waliishauri njia hii kwa sababu inahifadhi jina la umiliki, na mke mwenyewe aliipendelea mwanzoni. Nadhani ingekuwa mbaya kuliko zote, maana ingefanya hasara ionekane kama uwekezaji.

Waliuza Julai 2024, katika wiki za maandamano yaliyoanza kwa kupinga Mswada wa Fedha, wakati ambao wanunuzi wenye fedha walikuwa wakisita. Bei ilikuwa Sh11.4 milioni. Kodi ya faida ya mauzo haikuwahusu, kwani hapakuwa na faida. Ukitoa Sh442,000 za wakala na wakili, na deni la benki la takriban Sh9.3 milioni, zilibaki Sh1,658,000. Deni la Sacco lilikuwa bado takriban Sh518,000. Mkononi walibaki na Sh1.14 milioni.

Tuwalinganishe na wao wenyewe kama wangeendelea kupanga nyumba ileile kwa kodi ileile. Wangekuwa na akiba yao ya Sh2 milioni. Wangeweka tofauti ya Sh53,700 kwa miezi 24 na Sh87,000 kwa miezi 6 ya riba mpya, na pia makato ya Sacco ya miezi 30. Jumla ni takriban Sh4.76 milioni, bila kuhesabu hata senti moja ya riba, katika kipindi ambacho dhamana za serikali za Kenya za mwaka mmoja zilianza zikilipa zaidi ya asilimia 9 na kuishia zaidi ya asilimia 16. Tofauti ni Sh3.62 milioni, ukiondoa nafuu ya kodi waliyoipata, inabaki takriban Sh3.4 milioni. Ongeza Sh1.6 milioni za mshahara ulioachwa kwa ajili ya hisa, na miaka 3 ya kufuata njia mbili za utajiri imewagharimu Sh5 milioni.

Haki inanitaka niseme kwamba kama wangekuwa na kazi isiyoyumba na kukaa miaka 20, nyumba ingeweza kuwatoa salama, kwa sababu mfumuko wa bei humpunguzia mkopaji uzito wa deni na kumpandishia mpangaji kodi. Vilevile, mikopo inayotokana na Kampuni ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba ya Kenya, KMRC, iliyoanzishwa mwaka 2018, hutolewa kwa riba iliyo chini ya asilimia 10 kwa wanaotimiza masharti yake, na tofauti hiyo ni kubwa. Hukumu yangu si juu ya kila nyumba. Ni juu ya mkopo huu, kwa mshahara huu, kwa bei iliyokuwa mara 16 hadi 17 ya kodi ya mwaka.

Sasa wanapanga nyumba huko Ruaka. Mume ameajiriwa katika idara ya teknolojia ya kampuni ya bima, kwa mshahara wa Sh240,000, nao ndugu waliowakopesha wanalipwa kwa awamu. Wamekubaliana kwamba akiba irudi kwenye Sacco hadi ifikie gharama za mwaka mzima, na kwamba ploti ambayo wakwe wamempa mke itajengwa, kama itajengwa, kwa fedha zilizopo na kwa ajili ya kuishi. Hivi majuzi kampuni nyingine changa ilimwandikia mume ikimpa mshahara mdogo zaidi na hisa nyingi zaidi. Alijibu kwa kuuliza wawekezaji wameweka jumla ya fedha kiasi gani zinazotangulia kulipwa, fedha zilizopo benki zinatosha miezi mingapi, na kama mfanyakazi anayeondoka anapewa zaidi ya siku 90 za kununua hisa zake. Walimjibu swali la mwisho tu. Amebaki kwenye bima.